Nilivyomfukuza Baba Mkwe Hadi Mto Berezina

Kabla ya kumuoa mke wangu ilinibidi nimfukuze baba yake kwenye theluji, na nilimfukuza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliharibu.

Theluji yenyewe ilikuwa shuka jeupe la kitanda. Lilitandikwa juu ya meza ya chakula katika fleti yao ya Morningside, Durban, upande wa chini, pale mteremko unapoanza kuangukia mjini. Chini ya shuka walipanga vitabu ili pawe na vilima. Mto ulikuwa kipande cha kitenge cha buluu, na juu ya mto kulikuwa na madaraja mawili, yaani vitana viwili virefu vya saluni vilivyolazwa sambamba. Wafaransa walikuwa vifuniko vyekundu vya soda, Warusi vya kijani. Kifuniko kikipinduliwa, hicho ni askari wa farasi. Mizinga ilikuwa rola za nywele. Kaizari wa Wafaransa alikuwa kifuniko cha dhahabu cha chupa ya marashi, na alikaa ng'ambo ya mto, mbali na hatari, kama kawaida ya wakubwa.

Madirisha yalifungwa hata siku za joto la kuchemsha maji, maana tumbili wa Morningside hawana adabu. Mmoja aliwahi kuingia akaondoka na Kaizari mkononi. Mwenye mchezo hakukasirika. Alitangaza kwamba vita imekwisha kwa kukosa mkubwa, akaomba chai.

Mwenye mchezo ndiye aliyekuja kuwa baba mkwe wangu. Wakongo wote wa mjini walimwita Prof, kama tunavyowaita walimu wa sekondari kwetu, hata yule wa mazoezi ya viungo. Alifundisha historia Bukavu mpaka vita vikamtoa. Hapa Durban binti yake alikuwa na saluni katikati ya mji, ndani ya njia moja ya maduka, na kazi ya Prof ilikuwa kupokea wateja. Aliwaketisha, akawauliza habari za nyumbani, akaamua ni zamu ya nani, na hakuna aliyembishia. Wako waliokuja mara ya kwanza kwa ajili ya kusukwa, na mara ya pili kwa ajili ya mazungumzo yake.

Mimi natengeneza simu. Meza yangu ilikuwa ukuta mmoja na saluni, ukuta wa kioo, kwa hiyo nilikuwa namwona binti wa Prof siku nzima na yeye ananiona. Nilimpenda kwa sababu ya ulimi wake. Siku ya kwanza aliniletea simu iliyoingia maji, akaiweka mbele yangu, akasema, "Fundi, ukiiua hii, nitakusuka bila mafuta." Sikuiua. Baada ya hapo simu zake zilianza kuharibika mara nyingi kuliko simu za mtu yeyote mjini, na mimi si mjinga.

Shida ilikuwa moja. Kwetu mwanamume haji kuoa peke yake kama anayenunua viazi. Unatuma wazee wako, wanakwenda kwa wazee wa msichana, wanaulizwa, wanajibu, na wewe unakaa kimya umeinamisha kichwa kama mshtakiwa. Na kabla ya hapo baba wa msichana lazima aseme, lete wazee. Asiposema, umeingia kwa dirisha. Mimi natoka Uvira. Mama alifariki nikiwa mdogo, baba namkumbuka sauti tu, na mjomba aliyenilea alizikwa kambini Tanzania. Durban nilikuwa mimi na kivuli changu. Kwa hiyo nilihitaji Prof anikubali kabisa, kwa moyo mweupe, kiasi kwamba nikifika mlangoni kwake bila ukoo asinifungie. Nilimtaka binti yake, na niseme ukweli, nilitaka pia mahali pa kuwa mtoto wa watu.

"Papa anataka ukuje dimanche," aliniambia binti siku moja kupitia mlango wa saluni. "Uvae vizuri. Na usijifanye unajua historia, atakuchinja."

Jumapili nilivaa vizuri. Nilichukua taxi pale Warwick, nikateremka kwenye robot ya chini, yaani taa za barabarani, nikapanda mlima kwa miguu huku shati linanigandama mgongoni. Prof alinifungulia mwenyewe. Alikuwa na miwani mizito na sweta, Durban hii, mwezi wa pili, joto likiwa kileleni.

"Ikala pale," akasema, akinionyesha kiti. "Unajua Berezina?"

"Ni simu ya kampuni gani, Papa?"

Jikoni kitu kilianguka. Binti yake alikuwa anacheka.

Prof hakucheka. Alinionyesha shuka, akaanza kufundisha, na lazima nikiri kwamba aliposema nilisahau jasho langu. Jeshi la Wafaransa lilikwenda Urusi likiwa kubwa kama mji, akasema, likarudi likiwa foleni. Njaa, baridi, farasi wamekufa. Warusi wako nyuma, wako ubavuni, na wengine wamewatangulia ng'ambo ya mto. Daraja lililokuwepo limechomwa. Mto nao ulikuwa umeganda mwanzoni, kisha baridi ikalegea kwa siku chache, barafu ikavunjika, na watu waliokuwa wamelia kwa sababu ya baridi sasa wakalia kwa sababu baridi haitoshi. Ndipo wajenzi wa jeshi walipoingia majini, vipande vya barafu vikiwagonga kifuani, wakajenga madaraja mawili kwa mbao walizobomoa kwenye nyumba za kijiji. Wengi wao hawakupona. Kwa madaraja hayo jeshi likavuka.

"Sasa angalia hapa," akasema, akachukua bakuli, akamwaga maharage upande wa huku wa mto.

Yalikuwa maharage ya kawaida, yale ya madoadoa, kutoka soko la Warwick. Hayo, alisema, ndiyo watu waliofuata jeshi. Wapishi, wake za askari, watoto, majeruhi, wachuuzi, askari waliopoteza vikosi vyao na hawana tena anayewaita kwa jina. Usiku madaraja yalikuwa wazi kabisa, mtu angeweza kuvuka akipiga mluzi. Hawakuvuka. Walikuwa wamekwisha kuwasha moto. Wakasema, tumechoka, tutavuka kesho. Kesho ikaja na mizinga, wakakanyagana. Na hatimaye wajenzi walewale wakapewa amri ya kuchoma madaraja, na maharage yakabaki.

Aliniambia kanuni. Anayefukuza anakwenda kiganja kimoja kwa zamu, farasi viganja viwili. Jeshi linalorudi linakwenda vilevile. Lakini maharage hayaendi kwa amri ya mtu, maana hayana afisa. Unarusha kete, na ikitoka tano au sita ndipo harage moja linavuka. Kifuniko cha kijani kikigusa kitana, anayefukuza ameshinda. Prof akiondoa vitana kabla ya hapo, yaani akichoma madaraja, ameshinda yeye. Yeye daima alikuwa anayekimbia.

"Juu ya nini unapenda upande wa kukimbia, Papa?" nilimuuliza.

"Anayefukuza iko na miguu tu," akasema. "Anayekimbia iko na kazi."

Sasa mtu mwenye akili atagundua, kama nilivyogundua mimi, kwamba huo mchezo Prof angeweza kuushinda wakati wowote. Jeshi lake likishavuka, anyanyue vitana, basi. Lakini hakuwa anavinyanyua. Alikaa na kikosi chake cha nyuma upande wa huku, akirusha kete kwa ajili ya maharage, huku farasi wa mwenzake wanasogea, mpaka anashindwa. Vijana wa kanisani waliowahi kucheza naye walimshinda wote, wakarudi wakijigamba kwamba wamemshinda Kaizari. Mimi nilikuwa nimekwisha kusikia habari hizo, ingawa jina la mto hawakunitajia, na nilikuwa nimekuja na mpango.

Mpango wangu ulikuwa heshima. Kwetu baba mkwe humwangalii sana usoni, ukimkuta njiani unampisha, akikaa kwenye kiti wewe hukigusi. Mtu kama huyo utamfukuzaje? Mwenye nguvu mpishe, tuliambiwa tangu utoto, na hakuna mwenye nguvu kama mzee aliyeshika binti unayemtaka. Basi nikaamua nimwachie. Na si kumwachia tu. Nilitaka avushe maharage yote, hata moja lisibaki, kitu ambacho hakijawahi kutokea mezani pale, halafu aone ni nani amemletea furaha hiyo.

Nilicheza vizuri sana uchezaji mbaya. Farasi wangu niliwapitisha nyuma ya kilima ambako hakukuwa na sababu ya kupita. Nilisimamisha mizinga yangu nikasema inapumzika. Kete zake zilipokataa, niligundua ghafla kwamba upande wangu wa kushoto kuna hatari, nikarudi nyuma. Binti alikuja kuweka maji ya kunywa, akaangalia meza, akaniangalia mimi, akainua nyusi. Nilidhani ananisifu.

Harage la mwisho lilivuka. Prof aliliangalia muda mrefu. Kisha akanyanyua vitana, kimoja, cha pili, akaviweka kando. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema, hongera, Papa, sijaona mtu anayecheza hivi.

"Dis-moi," akasema polepole. "Uko nanifukuza, ao uko nanisindikiza?"

"Papa?"

"Mimi siko mugeni wako. Sikukula kwako. Juu ya nini unanisindikiza mpaka kwa njia?"

Nilijitetea. Nilikumbuka jambo alilokuwa amenieleza mwenyewe, kwamba yule jenerali mzee wa Warusi, mwenye jicho moja bovu, alikuwa mbali nyuma na hakuwa na haraka, na inasemekana aliona adui anayeondoka aachiwe tu aondoke. Nikasema nilikuwa namfuata huyo.

"Ule muzee alikuwa na sababu zake," akasema Prof. "Ule hakukuwa anatafuta bibi ya kuoa."

Alianza kuyakusanya maharage kwenye bakuli kwa hasira. Akaniambia kwamba miaka yote hii anacheza ili aone kama iko njia. Kama mtu akicheza vizuri kabisa, bila kuonewa huruma, anaweza kuwavusha wote. Hajaipata bado, lakini kila mara anajifunza kitu kidogo. Na leo mimi nimemletea uongo nikauweka kwenye sahani. Sasa hajui kama imewezekana au haikuwezekana.

"Mutu anayenidanganya kwa mchezo, juu anataka kunifurahisha," akasema, "atamudanganya binti yangu kwa kitu ya kweli, juu anataka kumufurahisha. Rudia kwako."

Nilirudi kwangu. Nilishuka ule mteremko wa Morningside nikiwa nimekasirika kama nyuki, na hasira ya mtu aliyekosea kwa nia njema ni mbaya kuliko ya mtu mbaya. Nilisema peke yangu barabarani. Nilisema wazee wa Bukavu wana kiburi. Nilisema maharage ni ya kupikwa. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mbwa wake alivuka akaenda upande mwingine wa barabara.

Wiki ile nzima binti hakunisemesha kupitia kioo. Alisuka. Mimi nilifungua simu na kuzifunga. Hatimaye, siku moja mchana wakati Prof amekwenda kutafuta mkate, alikuja akasimama mbele ya meza yangu, mikono ina mafuta ya nywele.

"Unajua juu ya nini hachomi ile daraja?" akaniuliza.

Nikasema najua, ni mkaidi.

Akaniambia. Walipotoka Bukavu wakati wa vita, watu walikuwa wengi barabarani, yeye akiwa mdogo amebebwa mgongoni. Bibi yake, mama wa Prof, alichoka. Wakafika mahali ambapo watu wamewasha moto kando ya njia, bibi akaketi, akasema nyinyi tangulieni, mimi nitapata nguvu, nitawafuata asubuhi. Prof alitangulia. Asubuhi njia ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyejua kilichompata bibi, mpaka leo.

"Usimwambie nimekuambia," akasema. "Na dimanche urudi. Umfukuze ya kweli. Eish, wewe mwanaume, hata mimi niliona aibu."

Nilibaki na bisibisi mkononi. Sikuweza kufanya kazi tena siku ile. Kabla sijaambiwa nilikuwa nimekosea kijinga, na hilo si kitu, mtu anakosea. Lakini sasa nilijua kila kitu, na kujua kulifanya iwe vigumu zaidi. Nikimfukuza kweli, nitaufikia mto. Nikiufikia mto, maharage yatabaki. Na nitakuwa ni mimi niliyeyabakisha, mbele ya macho yake, nikiwa najua yanasimama badala ya nani. Nilijaribu kutafuta njia ya kati na sikuipata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikajiambia, na safari hii kuinama kwenyewe ni kusimama wima.

Jumapili nilirudi. Sikuvaa vizuri. Prof alifungua mlango, akanitazama, akaacha mlango wazi akaenda zake mezani. Huko ndiko kulikuwa kunikaribisha kwake.

Nilimfukuza. Niliwatuma farasi moja kwa moja kwenye bonde, bila kupumzika. Mizinga niliipandisha kilima cha vitabu kinachotazama madaraja. Prof aliona, akakaa vizuri kwenye kiti, akavua sweta. Nilikuwa sijawahi kumwona bila sweta. Akapanga kikosi chake cha nyuma kwenye ukingo wa mteremko, kikaninyima njia, nikakizunguka, akanizuia tena. Alikuwa hodari. Wale vijana wa kanisani waliojigamba hawakuwahi kumwona akicheza, walimwona akingoja tu. Alitoa vifuniko vyake vyekundu kimoja kimoja, si ili ashinde, bali ili anunue zamu moja zaidi ya kete. Mara mbili nilidhani nimeshafika, na mara mbili alinirudisha nyuma. Kete zilipotoa sita alisema "voilà" kwa sauti ndogo, akasukuma harage kwenye kitana kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayemvusha mtu mwenye macho mabovu.

Binti alikuwa amekaa mlangoni pa jikoni anamenya ndizi, na kisu kilikuwa kimesimama.

Ikafika mahali ambapo kikosi chake cha nyuma kilikuwa kimebaki vifuniko vichache, jeshi lake lote liko ng'ambo, na upande wa huku kuna maharage kama yanayojaa kijiko. Farasi wangu walikuwa kiganja kimoja na nusu kutoka kwenye daraja. Zamu ilikuwa yangu. Angeweza kuwa amekwisha kunyanyua vitana kabla ya hapo, na alijua kwamba najua. Nilimwangalia. Huwa hatumwangalii mkwe usoni, lakini nilimwangalia. Uso wake ulikuwa umetulia. Hakuwa anaomba kitu.

"Cheza," akasema binti kutoka mlangoni.

Nilisukuma kifuniko cha kijani mpaka kikagusa kitana.

Prof alipumua. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kisha, bila kufikiri sana, nilianza kuyachukua yale maharage yaliyobaki na kuyapitisha kwenye kitana, moja moja, nikimwekea upande wake.

"Kanuni haisemi vile," akasema Prof.

"Vita imekwisha, Papa," nikasema. "Mimi ndiye niko na daraja sasa. Wanapita."

Aliniacha nimalize. Aliangalia kila harage likivuka, na mimi sikumharakisha, na nje tumbili walikuwa wanakimbizana juu ya bati la gereji. Yalipokwisha aliyasogeza yote pamoja kwa kiganja, yale aliyoyavusha yeye na yale niliyoyavusha mimi, hata usingeweza kuyatenganisha.

"Leta wazee yako," akasema.

Furaha ilinipanda, kisha ikashuka palepale. Nikamwambia ukweli, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona matokeo ya kitu kingine. Nikasema, "Papa, sina."

"Najua hauna. Tafuta," akasema, akaenda kulala kidogo.

Nilitafuta. Mama mmoja wa kwaya yetu, mjane mwenye sauti ya kuamsha maiti, alikubali kuwa mama yangu kwa siku hiyo, na tangu wakati huo hajaacha. Na mwenye duka ninamokodi nafasi ya meza, mzee Mwislamu aliyezaliwa hapahapa Durban ambaye mababu zake walitoka pwani ya Afrika Mashariki, alisema atakuwa mjomba, ingawa Kiswahili chake ni cha kurithi na kimejaa Kiingereza. Alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na halua kwenye sahani. Wawili hao ndio ukoo wangu. Tulikaa kwenye kochi dogo upande wa dirisha, na bado nafasi ilibaki.

Upande wa pili ulikuwa umejaa. Baba wadogo walikuwa wametoka Johannesburg, shangazi Pietermaritzburg, binamu wamesimama ukutani kwa kukosa viti. Prof alikaa katikati kwenye kiti kikubwa, amevaa suti. Kwa desturi yeye hasemi siku hiyo. Anayesema ni mdogo wake, yule wa Johannesburg, mwanamume mnene mwenye saa kubwa, aliyekuja akiwa amejiandaa kuuliza maswali.

Aliuliza. Mmetoka wapi, mmefuata nini, mliona nini nyumbani kwetu. Mama wa kwaya alijibu yote vizuri, kwa mafumbo yanayotakiwa, hata shangazi wakapiga vigelegele. Mjomba wangu wa kukodi alisema "alhamdulillah" kila palipokuwa na nafasi. Nilianza kuamini kwamba tutapita.

Kisha baba mdogo akaegemea mbele.

"Binti yetu akipigwa," akasema, "akiachwa, akinyimwa chakula, tutaenda kugonga mlango wa nani? Nani anajibu juu ya huyu?"

"Sisi," akasema mama wa kwaya.

"Mama, nakuheshimu. Lakini weye uko kanisa. Muzee naye uko jirani. Mimi nauliza batu ya kwao, ndugu ya damu. Iko nani?"

Baba mdogo hakuwa na ubaya, ndivyo tulivyo, swali hilo lazima liulizwe na mimi mwenyewe ningemuuliza mtu wa binti yangu. Lakini niliinamisha kichwa, na safari hii si kwa desturi. Mama wa kwaya alinishika goti. Niliona viatu vyangu, nikaona zulia, nikamsikia mtu anajikohoza. Nilifikiria mjomba aliyezikwa kambini na nikaona aibu ya mtoto, ile ya kuwa wa mwisho kuchukuliwa shuleni wakati wenzako wote wamefuatwa.

Kiti kikubwa kililia. Prof alikuwa anasimama. Ilimchukua muda, magoti yake si mazuri. Alipita katikati ya chumba, akaikwepa sahani ya halua, akafika kwetu, akamwambia mama wa kwaya asogee kidogo. Akaketi kati yake na mimi. Kochi liliinama nikaegemea bega lake bila kutaka.

"Uliza tena," akamwambia mdogo wake.

"Grand frère, kaka, weye uko baba ya binti."

"Binti iko na batu kumi na tano pale nyuma yako. Huyu iko na nafasi kwa kochi. Uliza tena."

Baba mdogo alitazama shangazi, shangazi wakatazama dari. Alimgeukia binti mwenyewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitenge kipya, na binti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja na hakumsaidia kitu. Mwishowe akasafisha koo.

"Nani anajibu juu ya huyu?"

"Mimi," akasema Prof.

Basi ikabidi waendelee hivyohivyo. Sijui kama imewahi kutokea kwingine, na wako mpaka leo wanaosema haikuwa halali. Ilipofika wakati wa mahari, baba mdogo alitaja ng'ombe, ambao hapa Durban si ng'ombe bali ni mazungumzo ya pesa, na akataja wengi, kwa sababu binti alikuwa amesoma na ana saluni yake. Mama wa kwaya alikuwa amefungua kinywa ajibu. Prof alimwekea mkono. Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akamwambia mdogo wake, "Hapana. Ile ni mingi sana. Sisi hatuna."